Kutambua Saratani Adimu ya Titi kwa Biopsi ya Sindano

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 waligundulika kuwa na saratani ya matiti, na watu wapatao 670,000 wakafariki kwa ugonjwa huo. Sehemu kubwa ya saratani hizo ni ya aina moja iliyozoeleka, ile inayoanzia katika seli za mirija ya maziwa, ikapenya ukuta wa mirija hiyo na kuingia katika nyama ya titi iliyo kando yake. Aina hii madaktari huiona kila wiki, miongozo mingi ya matibabu imeandikwa kwa ajili yake, na kinyama kidogo kilichotolewa kwa sindano hutosha, mara nyingi, kuitambua bila utata. Zipo hata hivyo aina nyingine ambazo kila moja haifiki asilimia 1 ya saratani zote za matiti, na kwa uchache wake daktari wa hospitali ya wilaya anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nazo. Kijitabu hiki kinaeleza namna mojawapo ya aina hizo, saratani ya metaplasia, inavyotambuliwa kwa biopsi ya sindano, kwa kuwa ni ugonjwa unaodhihirisha kwa pamoja uwezo wa kipimo hicho na mahali uwezo huo unapokomea.

Saratani ya metaplasia

Metaplasia ni badiliko ambalo seli za aina moja huacha umbo lake na kuchukua umbo la seli za aina nyingine. Katika saratani hii, seli zilizotokana na mirija ya maziwa hugeuka zikawa seli bapa zinazofanana na za ngozi, au seli ndefu zilizochongoka ncha zote mbili zinazofanana na zile zinazojenga kovu, na kwa baadhi ya wagonjwa hutengeneza gegedu au hata mfupa ndani ya titi. Uvimbe mmoja unaweza kubeba mchanganyiko wa hayo yote, upande mmoja ukiwa na saratani ya kawaida ya mirija, upande wa pili ukiwa na seli ndefu tupu, na katikati kukiwa na tishu iliyokufa kwa sababu uvimbe umekua upesi kuliko damu inavyoweza kuulisha. Shirika la Afya Duniani liliiorodhesha kuwa aina inayojitegemea mwaka 2000. Kabla ya hapo iliripotiwa kwa majina mbalimbali, na hiyo ni sababu mojawapo ya elimu yake kuchelewa kukusanyika.

Tabia ya ugonjwa huu inatofautiana na ile iliyozoeleka kwa namna kadhaa zenye uzito. Hukua haraka, na mara nyingi uvimbe huwa umeshapita sentimita 2 unapopimwa kwa mara ya kwanza. Seli zake, kwa wagonjwa walio wengi, hazina vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, wala hazina wingi wa protini iitwayo HER2, na saratani yenye upungufu huo wa mara tatu huitwa hasi tatu. Dawa zinazofanya kazi kwa kupitia vipokezi hivyo, kama vile tamoksifeni, hazina pa kushika. Aidha, saratani ya metaplasia hupendelea kusafiri kwa njia ya damu kwenda kwenye mapafu na mifupa, hata pale ambapo tezi za kwapani hazijaguswa, kwa hiyo kwapa safi haliwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi kwamba ugonjwa haujatoka kwenye titi. Inafaa kuongeza, kwa ajili ya mgonjwa anayesoma maneno haya akiwa na jibu mkononi, kwamba si vivimbe vyote vya jamii hii vilivyo vikali: vipo vya daraja la chini, hasa vile ambavyo seli zake ndefu ni tulivu na hazigawanyiki ovyo, ambavyo hukatwa na mgonjwa akaishi bila ugonjwa kusambaa.

Saratani za hasi tatu ni sehemu kubwa zaidi ya saratani za matiti kwa wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara kuliko kwa wanawake wa Ulaya, na hivyo jibu lenye maneno hayo si jambo geni Dar es Salaam, Nairobi wala Kampala. Lakini hasi tatu ni jina la kundi. Ndani yake mna saratani ya metaplasia, ambayo mara nyingi huitikia tibakemia kwa unyonge, na mna pia aina nyingine adimu iitwayo adenoidi sistiki, ambayo huenda polepole na mara nyingi humalizwa kwa upasuaji. Ripoti inayoishia kwenye maneno hasi tatu bila kutaja aina ya saratani imemwacha daktari anayetibu nusu ya njia.

Kwa nini hudhaniwa kuwa kitu kingine

Dalili ambazo umma umefundishwa kwa miaka mingi, yaani uvimbe mgumu wenye kingo zisizoeleweka, chuchu iliyoingia ndani na ngozi iliyovutwa, hazipatikani kila mara katika ugonjwa huu. Uvimbe wa metaplasia unaweza kuwa wa mviringo, wenye mipaka inayohisika vizuri kwa vidole, na ukateleza kidogo unaposukumwa, sifa ambazo kwa kawaida ni za fibroadenoma, uvimbe usio wa saratani unaowapata zaidi wasichana na wanawake vijana. Kwenye altrasaundi nao huweza kuonekana ukiwa na kingo laini na sehemu zenye majimaji ndani yake, picha ambayo mpimaji anaweza kuisoma kuwa ni kivimbe cha maji au jipu. Mama anayenyonyesha huandikiwa dawa za kuua bakteria, na hilo si kosa kwa hatua ya kwanza. Kosa huanza pale dozi inapokwisha, uvimbe ukawa palepale au umeongezeka, naye akaandikiwa dozi ya pili na ya tatu bila mtu yeyote kuagiza kinyama kitolewe.

Kasi ya ukuaji ndiyo alama ambayo mgonjwa mwenyewe huwa ameiona kabla ya kipimo chochote. Mwanamke anayesema kwamba uvimbe ulikuwa wa ukubwa wa ndimu mwezi uliopita na sasa umejaa kiganja ametoa taarifa ya kitabibu inayostahili kuandikwa kwenye faili kama alivyoisema, pamoja na tarehe, kwa sababu daktari wa patholojia atakayesoma kinyama hicho hatamwona mgonjwa uso kwa uso na maelezo yaliyo kwenye fomu ndiyo pekee yatakayomfikia.

Sindano nyembamba na sindano nene

Biopsi ni kitendo cha kutoa kipande cha tishu kutoka kwenye mwili wa mtu aliye hai ili kichunguzwe kwa hadubini. Kwa titi, biopsi inayofanywa kwa sindano ni ya namna mbili kuu, na tofauti yake wagonjwa wengi hawaelezwi.

Ya kwanza hutumia sindano nyembamba, yenye upana wa takribani nusu milimita au kuzidi kidogo, inayounganishwa na bomba la kawaida na kufyonza seli chache zilizolegea, ambazo hupakwa kwenye kioo na kutiwa rangi. Hospitalini hufahamika kwa herufi FNA. Ni kipimo cha bei nafuu, hakihitaji mashine, na majibu yake yanaweza kupatikana siku hiyohiyo pale alipo mtaalamu wa kuyasoma. Hata hivyo seli hizo hufika kwenye kioo zikiwa zimetengana, bila mpangilio wa nyumba yake, na mpangilio huo ndio unaoonyesha kama saratani imepenya nje ya mirija na ni ya aina gani. Kwa saratani ya metaplasia udhaifu huo huongezeka maradufu: seli ndefu hushikamana na hazifyonzeki kirahisi, na sindano ikitua katikati ya uvimbe hutoa majimaji na mabaki ya seli zilizokufa tu. Jibu la FNA linalosema kuwa seli hazikutosha halina maana kwamba saratani haipo.

Ya pili hutumia sindano nene, ambayo madaktari wengi huiita trukati. Iliyozoeleka zaidi ina upana wa takribani milimita 2, na ndani yake mna sindano nyingine yenye kijishimo ubavuni chenye urefu unaokaribia sentimita 2. Springi inapofyatuliwa, sindano ya ndani husonga mbele ndani ya uvimbe, nyama hujaa kwenye kijishimo, na ala ya nje huifuata kwa kasi ikikata kipande hicho na kukifunika. Kinachotoka ni uzi mwembamba wa nyama wenye mpangilio wake wote, na huo unatosha kutambua aina ya saratani, daraja la ukali wake, na kama ina vipokezi vya homoni na HER2. Panapowezekana, uvimbe wa titi unaotiliwa shaka hupimwa kwa sindano nene, na FNA hubaki na kazi yake nzuri ya kukamua vivimbe vya maji na kuchunguza tezi za kwapani. Mahali ambapo sindano nene haipo, FNA ni bora kuliko kukaa bila kipimo, mradi jibu lake lipokewe kwa mipaka yake.

Siku ya kipimo

Kipimo hufanywa mgonjwa akiwa macho, na kwa kawaida hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Hatakiwi kufunga. Anapaswa kumweleza daktari kama anatumia aspirini, warfarini au dawa nyingine inayofanya damu isigande upesi, kama ana ugonjwa wa kutokwa damu, na kama ana mzio wa dawa ya ganzi. Mjamzito na mama anayenyonyesha hupimwa pia, kwani sindano ya titi haimdhuru mtoto na kusubiri hadi ajifungue au amwachishe ziwa kunaupa ugonjwa miezi ambayo haurudishi. Wanaume, ambao ni takribani mtu 1 kati ya kila wagonjwa 100 wa saratani ya matiti, hupimwa kwa njia hiyohiyo. Kabla ya kuanza, mgonjwa huelezwa kitakachofanyika na kutia saini fomu ya ridhaa. Ridhaa hiyo ni yake yeye aliye mtu mzima, ingawa ni vyema mume, dada au mama mzazi awepo kumsikiliza daktari pamoja naye.

Mgonjwa hulala chali, mkono wa upande unaopimwa ukiwa umeinuliwa juu ya kichwa. Ngozi husafishwa, kisha hudungwa ganzi, kwa kawaida lignokaini, ambayo huwasha kwa sekunde chache kabla ya sehemu hiyo kufa ganzi. Daktari huchanja kitobo cha milimita chache kwa ncha ya kisu, huingiza sindano huku akiangalia mwelekeo wake kwenye kioo cha altrasaundi, na kuishikilia iwe sambamba na kifua ili isiuelekee ukuta wa mapafu. Kabla ya kufyatua humtahadharisha mgonjwa, kwa maana springi hutoa mlio mkali kama wa stepla, na wengi hushtushwa na mlio huo kuliko maumivu. Kitendo hurudiwa mara 4 au zaidi kupitia tundu lilelile.

Katika uvimbe unaoshukiwa kuwa wa metaplasia, mahali sindano inapolengwa ni muhimu kuliko idadi ya vipande. Altrasaundi humwonyesha daktari sehemu zilizo ngumu na sehemu zenye majimaji au tishu iliyokufa, naye hupaswa kukwepa katikati na kuchukua kwenye ukuta wa uvimbe, tena kutoka pande zaidi ya moja, kwa kuwa upande mmoja unaweza kuwa na seli ndefu tu na upande mwingine ukawa na saratani ya mirija iliyo wazi. Vipande vizuri vya tishu ngumu mara nyingi huwa na weupe wa kijivu na huzama kwenye chupa ya dawa. Vile vinavyoelea mara nyingi ni mafuta ya titi, na daktari anayeviona vinaelea vyote bado ana nafasi ya kurudia palepale, kabla ganzi haijaisha.

Baada ya hapo sehemu hiyo hukandamizwa kwa dakika 5 hadi 10 na kufungwa plasta. Hakuna nyuzi za kushonwa. Kuvilia damu na maumivu madogo kwa siku chache ni jambo la kawaida. Damu isiyokoma, uvimbe wa ghafla, joto na usaha, au kubanwa na pumzi ni sababu za kurudi hospitali bila kungoja.

Chupa ya fomalini

Hatua inayoharibu majibu mengi, na ambayo mgonjwa haioni, ni ile iliyo kati ya sindano na maabara. Kinyama kikishatoka mwilini huanza kuoza mara moja, na kwa joto la pwani huoza haraka zaidi. Kinatakiwa kitumbukizwe ndani ya saa 1 katika fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa tindikali yake, yenye ujazo unaofikia mara 10 ya ujazo wa kinyama chenyewe, katika chombo chenye mdomo mpana kilichoandikwa jina la mgonjwa, namba ya faili, titi la kulia au la kushoto, na saa ya kutolewa. Maji ya dripu hayahifadhi tishu, na spiriti huikausha na kuvuruga vipimo vinavyofuata.

Muda wa kukaa ndani ya fomalini nao una mipaka. Miongozo ya kupima vipokezi vya homoni na HER2 inataka tishu iloweke kwa saa zisizopungua 6 na zisizozidi 72. Chini ya hapo dawa haijapenya. Zaidi ya hapo, na hasa sampuli inapokaa wiki nzima juu ya kabati ikisubiri gari la kwenda mkoani, protini zinazotafutwa hufungamana kiasi kwamba kipimo kinaweza kushindwa kuziona, na mwanamke mwenye saratani inayotibika kwa tamoksifeni akaandikwa kuwa hasi tatu. Mgonjwa huyo hunyimwa dawa nafuu na yenye nguvu kwa sababu ya ucheleweshaji ambao haukuwa na ulazima. Katika nchi za Afrika Mashariki si jambo la ajabu ndugu wa mgonjwa kukabidhiwa chupa aisafirishe mwenyewe kwa basi, na anayekabidhiwa ana haki ya kuuliza chupa ina dawa gani, inatakiwa kufika maabara gani na kabla ya saa ngapi, na nani ataipokea.

Chini ya hadubini

Maabara hukausha maji ya tishu, huizamisha katika nta ya parafini hadi iwe kibonge kigumu, na kuikata vipande vyembamba vyenye unene wa takribani sehemu 4 kati ya 1,000 za milimita moja. Vipande hivyo hutandazwa kwenye kioo na kutiwa rangi mbili, ya zambarau kwa viini vya seli na ya waridi kwa sehemu nyingine, na hapo ndipo daktari wa patholojia, yaani bingwa wa kutambua magonjwa kwa kuchunguza tishu, huanza kazi yake.

Kwa saratani ya kawaida hatua hiyo inaweza kutosha kutoa jina. Kwa metaplasia ya seli ndefu haitoshi. Seli ndefu ndani ya titi zinaweza kuwa za kovu la upasuaji wa zamani, za uvimbe wa nyuzinyuzi uitwao fibromatosi ambao hauendi viungo vingine, za uvimbe wa filodesi ambao una daraja tatu kuanzia usio wa saratani hadi ulio wa saratani, au za metaplasia. Matibabu ya kila moja ni tofauti, na kinyama cha milimita 2 kinaweza kufanana kwa zote. Kanuni inayofuatwa na mabingwa ni kwamba seli ndefu zinapotawala kinyama cha titi, saratani ya metaplasia huchukuliwa kuwa bado inawezekana hadi itakapoondolewa kwa ushahidi.

Ushahidi huo hutafutwa kwa imunohistokemia, kipimo kinachotumia kingamwili zilizotengenezwa maabara ili kunasa protini fulani na kuionyesha, mara nyingi kwa rangi ya kahawia. Seli za metaplasia, hata zilipogeuka umbo, kwa kawaida huwa zimebakiza protini za asili yake: sitokeratini, ambazo ni nyuzi za ndani ya seli za ngozi na mirija, na p63. Seli za filodesi mara nyingi huonyesha protini ya CD34, ambayo metaplasia kwa kawaida haina. Jambo linalopaswa kusisitizwa ni kwamba sitokeratini ni nyingi na uvimbe huu huweza kuonyesha moja tu, tena kwa madoadoa, kiasi kwamba kipimo cha aina moja kikitoka hasi hakitoshi kuifuta saratani. Maabara yenye kingamwili ya aina moja pekee hufanya vyema kuandika hivyo waziwazi na kupeleka kibonge mahali penye zaidi. Hakuna fedheha katika kuomba jicho la pili. Kituo cha saratani cha Butaro nchini Rwanda, kilichofunguliwa mwaka 2012, kilianza kwa kutegemea wataalamu wa Boston, Marekani, kusoma sampuli zake huku kikijenga maabara yake yenyewe.

Jibu lisilolingana na uvimbe

Kati ya yote yaliyomo katika kijitabu hiki, jambo ambalo mgonjwa na mhudumu wa afya wanaombwa kulishika kwa nguvu zaidi ni hili: biopsi ya sindano hujibu kuhusu kipande kilichotolewa, na uvimbe uliobaki ndani ya titi unaweza kuwa na habari nyingine. Kwa sababu hiyo jibu la maabara halisomwi peke yake. Huwekwa kando ya mambo mawili, yaani kile ambacho daktari alikihisi kwa mikono na kile kilichoonekana kwenye altrasaundi au mamografia, na matatu hayo hutakiwa kukubaliana.

Yakikubaliana kuwa ni fibroadenoma, mwanamke kijana anaweza kufuatiliwa bila upasuaji. Yakikubaliana kuwa ni saratani, matibabu huanza kupangwa. Yanapopingana, uvimbe ukiwa unakua, picha ikiwa ya kutia shaka, na maabara ikiandika tishu ya kawaida, kovu, mabaki ya seli zilizokufa au seli ndefu zisizo na dalili mbaya, uchunguzi haujaisha. Kipimo hurudiwa kwa sindano nene kutoka sehemu nyingine ya uvimbe, na ikishindikana tena, uvimbe wote hutolewa kwa upasuaji mdogo na kuchunguzwa mzima. Kumrudisha nyumbani mwanamke mwenye uvimbe unaokua, akiwa na karatasi inayosema saratani haikuonekana, bila miadi ya kurudi wala maelezo ya nini kifuate, ni kumtelekeza, hata kama kila aliyeshika karatasi hiyo alifanya sehemu yake kwa uaminifu. Wanawake wa namna hii ndio hurejea baada ya miezi wakiwa na kidonda.

Hali kama hiyo hutokea pia katika saratani ya titi yenye uvimbe-moto, aina nyingine adimu ambayo mara nyingi haina donge: titi huwa jekundu au hubadilika rangi, hujaa, hupata joto, na ngozi yake huwa na vitobo kama ganda la chungwa, ndani ya muda usiozidi miezi 6. Sindano peke yake inaweza kukosa seli za saratani kwa kuwa zimejificha katika mishipa ya limfu ya ngozi, na hapo hukatwa pia kijipande cha ngozi. Titi linalodhaniwa kuwa na maambukizi na lisilopona kwa wiki 1 au 2 za dawa linahitaji biopsi.

Hofu ya kuguswa na chuma

Imani kwamba saratani ikidungwa au kukatwa husambaa imeenea bara na pwani, na haifai kudharauliwa, kwa sababu wanaoishika wamewaona kwa macho yao ndugu waliopimwa kisha wakafariki. Wengi wa ndugu hao walifika hospitali ugonjwa ukiwa umeshatoka kwenye titi. Biopsi ilikuja mwishoni mwa safari ambayo ilianza kwa muda mrefu bila kipimo. Ni kweli kwamba sindano inaweza kuhamisha seli chache kwenye njia iliyopita, lakini seli hizo kwa sehemu kubwa hufa, kuota kwa uvimbe kwenye njia hiyo ni nadra, na daktari wa upasuaji anaweza kuipanga njia ya sindano iwe ndani ya eneo litakalokatwa au kupigwa mionzi. Kinachosambaza saratani ya metaplasia ni muda. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti ulioanzishwa mwaka 2021, limeweka lengo kwamba uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni kwa mara ya kwanza, na kwa uvimbe unaokua kwa kasi hata siku hizo ni nyingi.

Baada ya jina kupatikana

Ripoti kamili ya saratani ya metaplasia hutaja aina ya seli zilizogeuka, daraja la ukali, majibu ya estrojeni, projesteroni na HER2, na kingamwili zilizotumika kufikia jina hilo. Mgonjwa anashauriwa kutunza nakala yake pamoja na namba ya maabara, kwa kuwa kwa namba hiyo kibonge cha nta kinaweza kutafutwa na kusomwa upya katika hospitali nyingine, iwe Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza, KCMC mjini Moshi, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi au Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoko Mulago, bila yeye kudungwa tena.

Jina hilo hubadilisha mpango wa tiba. Kwa saratani nyingi za hasi tatu, tibakemia hutangulia ili kupunguza uvimbe kabla ya kukatwa. Kwa metaplasia, ambayo inaweza kuendelea kukua mgonjwa akiwa kwenye dripu, jopo la madaktari hupima kama upasuaji utangulie pale uvimbe unapokatika, na tibakemia inapotangulia, uvimbe hupimwa kwa rula au altrasaundi kila awamu ili njia ibadilishwe mapema isipofaa. Picha za kifua na mifupa huagizwa kwa kuzingatia namna ugonjwa huu unavyosafiri. Baada ya upasuaji uvimbe mzima hurudi maabara, na si jambo la kushangaza ripoti ya pili ikitofautiana na ile ya sindano, kwa mfano ikataja gegedu ambalo vipande vya kwanza havikuligusa, au ikapata vipokezi vya homoni katika sehemu ya saratani ya mirija iliyochanganyika ndani yake. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba mtu alikosea. Humaanisha kwamba sasa umesomwa uvimbe wote, na dawa zilizobaki hupangwa kwa kufuata ripoti hiyo ya pili.